Swali la maandishi kwa waziri: namna ya kulipitisha kwa mbunge wako hapa Uganda mpaka jibu lirudi kijijini

Ukimuuliza mbunge kwenye mazishi kwamba mbona kituo chetu cha afya hakina dawa, atakujibu "nimesikia mzee wangu, nitalifuatilia", atatoa rambirambi yake, ataingia gari, na hapo ndo mambo yanaishia. Saa ingine hata sio ubaya wake, siku hiyo ameambiwa mambo ya namna hiyo na watu wengi, yote kwa mdomo, na hakuna hata moja lililoandikwa mahali. Sasa kuna njia ingine ambayo wengi wetu tunaoongea Kiswahili huku Uganda, kuanzia Busia na Malaba mpaka Koboko na Bombo, tunaiacha bure na iko wazi kisheria: swali la maandishi. Linapita kwa mbunge, linaingia Bunge, linatumwa kwa waziri anayehusika, na waziri anatakiwa kujibu kwa karatasi, kwa jina la wizara yake. Hiyo karatasi ndo tunaitafuta. Ahadi ya mdomo utaikumbuka wewe peke yako, lakini jibu lililoandikwa unaweza kulishika miaka miwili baadaye ukauliza, mlisema tarehe fulani, mbona bado?

Nitaeleza kila hatua, na nitakaa sana pale pa kuliandika swali lenyewe, manake hapo ndo maswali mengi yanafia.

Nani ana haki ya kuuliza

Wewe mwananchi huwezi kumwandikia waziri swali la Bunge moja kwa moja. Swali ni la mbunge, yeye ndo analisaini na linabeba jina lake. Lakini hakuna sheria inayosema swali lazima litoke kichwani kwa mbunge. Katiba ya 1995 inasema kwenye ibara ya kwanza kabisa kwamba mamlaka ni ya wananchi, ibara ya 38 inakupa haki ya kushiriki katika mambo ya serikali, na ibara ya 41 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile za kuhatarisha usalama wa nchi au za siri ya mtu binafsi. Kwa hiyo ukimpelekea mbunge swali lililoiva, hujaomba msaada wa pembeni, umefanya kazi yako na yeye afanye yake.

Jambo ambalo watu wanasahau ni kwamba hauna mbunge mmoja. Kuna mbunge wa jimbo, na kuna mbunge mwanamke wa wilaya au wa jiji lako, hao ni wawili tayari. Juu ya hapo Bunge lina wawakilishi watano wa vijana, watano wa wafanyakazi, watano wa watu wenye ulemavu, na watano wa wazee, hao wazee waliongezwa kuanzia Bunge la 2021. Mbunge wa jimbo akikuzungusha, na swali lako linahusu pesa za wazee au ngazi za hospitali ambazo mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda, hao wengine wana sababu nzuri ya kulibeba, na saa ingine wanalibeba vizuri zaidi kwa sababu hawasukumwi na siasa za jimbo.

Alafu kuna upande wa upinzani, ambao wana mawaziri kivuli kwa kila wizara. Waziri kivuli wa afya anasoma mambo ya afya kila siku, anajua wapi pa kubana. Lakini angalizo langu: ukianzia huko kabla ya kumpa mbunge wako nafasi, swali lako litaitwa la chama fulani hata kama ni la dawa ya malaria tu. Anza nyumbani.

Hakikisha kwanza ni kazi ya waziri

Hii hatua inaokoa muda mwingi sana. Sio kila shida inaenda Kampala. Barabara za Uganda ziko za ngazi tofauti: kuna za taifa, ziko chini ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi, kuna za wilaya ambazo anashughulika nazo injinia wa wilaya, na kuna zile ndogo za jamii zilizo chini ya sabukaunti. Ukimuuliza waziri kuhusu kibarabara cha sabukaunti utajibiwa mstari mmoja tu, kwamba jambo hilo ni la serikali ya mtaa, na mbunge wako ataona umemwaibisha. Pitia kwa LC III na LC V kwanza, yaani viongozi wa sabukaunti na wa wilaya, muulize CAO, mtendaji mkuu wa wilaya, uone pesa ya kazi hiyo inatoka wapi. Ikiwa pesa inatoka serikali kuu basi hapo waziri ana la kujibu hata kama kazi inafanywa na wilaya. Mfano ni walimu wa praimari: wanaajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya lakini mishahara inatoka serikali kuu, kwa hiyo shule yenu ikiwa na walimu wanne kwa darasa saba unaweza kuuliza kuhusu bajeti ya mishahara iliyopewa wilaya yenu, hilo ni la waziri kabisa.

Na majina ya ofisi yamebadilika sana hizi siku, watu bado wanaandika barua kwa watu ambao hawapo tena. UNRA, ile mamlaka ya barabara za taifa, ilivunjwa mwisho wa 2024 na kazi zake zikarudi wizarani. Umeme Limited, kampuni iliyokuwa inasambaza stima, iliondoka mwisho wa Machi 2025 na kuanzia tarehe 1 Aprili usambazaji wa stima uko kwa UEDCL, kampuni ya serikali, kwa hiyo nguzo zilizoanguka na laini ambazo hazijafika kijijini, swali lake linaenda kwa Waziri wa Nishati na Madini. Mambo ya PDM (Parish Development Model, programu ya serikali ya kupeleka pesa za kukopesha kaya kupitia parokia) watu wengi wanamtupia Waziri wa Fedha, na kweli pesa inatoka kwake, lakini usimamizi wa programu uko Wizara ya Serikali za Mitaa, kwa hiyo maswali ya nani alipewa na nani aliachwa yapeleke huko.

Kusanya karatasi kabla ya kuandika neno lolote

Nitumie mfano mmoja mpaka mwisho ili tusipotee. Tuseme kituo cha afya cha HC III (Health Centre III, ngazi ya sabukaunti) huku kwenu kinakaa wiki nyingi bila dawa, mama anaambiwa nenda kanunue klinik.

Usianze na "watu wanasema". Dawa za serikali zinatoka National Medical Stores, ghala la dawa la taifa, zinakuja kwa mizunguko, na HC II na HC III zinapata kifurushi kilichopangwa tayari huko juu, haziagizi zenyewe kama HC IV na hospitali. Zikifika, inchaji, yaani msimamizi wa kituo, anasaini karatasi ya kupokea. Kila kituo kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi ambayo ndani yake kuna watu wa kawaida wa kijiji, hao ndo wa kwanza kuwaona. Waulize: mara ya mwisho dawa zilikuja tarehe gani, maboksi mangapi, nani alishuhudia yakifunguliwa, na dawa ya malaria iliisha baada ya siku ngapi. Andika kwa daftari. Uliza na wagonjwa wachache walienda tarehe gani na waliambiwa nini, lakini majina yao yabaki kwa daftari lako, yasiingie kwa swali, manake kila kinachoingia Bunge kinachapishwa kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na kitakaa huko miaka na miaka, hakuna mtu anayetaka ugonjwa wake usomwe na wajukuu.

Hapo pia mlinde nesi aliyekuonyesha kitabu. Kuna sheria ya 2010 ya kuwalinda wanaofichua maovu, lakini ulinzi wa kwanza ni wewe kunyamaza kuhusu nani alikupa nini. Swali zuri halihitaji kutaja chanzo kwa sababu linamwomba waziri mwenyewe alete rekodi.

Ukikosa karatasi kabisa, tumia sheria ya upatikanaji wa habari ya 2005. Unaandika ombi kwa ofisi husika, unasema unataka nini hasa, na wana siku 21 za kukujibu. Wakikujibu una ushahidi. Wakikaa kimya pia una ushahidi, weka nakala ya ombi yenye muhuri wa kupokelewa, itaingia kwa maelezo ya mbunge.

Na kuna hazina ambayo watu hawaifungui: ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali. Kila mwaka inatakiwa ifike Bunge kabla ya tarehe 31 Desemba na inagusa wizara, wilaya, na mashirika. Ukikuta wilaya yenu imetajwa humo, swali lako tayari lina mguu wa kusimamia, waziri hawezi kusema ni maneno ya sokoni.

Kuandika swali lenyewe

Watu wengi wakipewa karatasi wanaandika hivi: "Kwa nini serikali imetusahau sisi watu wa huku na watoto wetu wanakufa kwa kukosa dawa wakati mawaziri wanatibiwa nje?" Uchungu wa hayo maneno naujua na sina neno la kuupinga. Lakini kama swali la Bunge halipiti. Kanuni za Bunge letu, kama zile za mabunge mengine ya Jumuiya ya Madola, hazitaki swali lenye mabishano ndani, maoni, kejeli, au tuhuma juu ya mtu, na halitakiwi kugusa kesi iliyo mahakamani. Spika ndo anaamua kama swali linakubalika. Na hata likipita, swali la "kwa nini" linampa waziri uwanja mpana wa kutembea: atajibu kwamba serikali haijawasahau, inawapenda, imejenga vituo vingi, asanteni. Limejibiwa hilo, limekwisha.

Swali linalobana linauliza vitu ambavyo jibu lake ni namba, tarehe, jina la ofisi, au ndiyo na hapana. Ngapi, lini, shilingi ngapi, nani mwenye jukumu. Kwa mfano wetu lingekuwa hivi:

"Waziri wa Afya alieleze Bunge: (a) kati ya Julai 2024 na Juni 2025, National Medical Stores ilipeleka dawa mara ngapi katika kituo cha HC III cha mahali fulani, na kila mara ilikuwa tarehe gani; (b) thamani ya kila shehena ilikuwa shilingi ngapi, ukilinganisha na bajeti ya dawa iliyotengewa kituo hicho mwaka huo; (c) kifurushi cha kituo hicho kimepangwa kwa makadirio ya wagonjwa wangapi kwa mwezi, na makadirio hayo yalifanywa mwaka gani; (d) wizara itayarekebisha lini?"

Angalia kipande cha (c), mimi nakipenda kuliko vyote. Mara nyingi hakuna mwizi hapo katikati, ila kifurushi kilipangwa wakati watu walikuwa wachache, alafu mji ukakua, wakimbizi wakaja, soko likafunguliwa, na idadi haikubadilishwa. Ukiuliza tu dawa zimeibiwa na nani utaletewa inchaji wa kutolewa kafara, dawa ziendelee kuisha vile vile. Ukiuliza hesabu ilifanywa lini unagusa mzizi. Na kama wizi upo kweli, kipande cha (a) na (b) kitauonyesha chenyewe, ukiweka tarehe za waziri kando ya daftari la kamati na mbili zikakataa kukutana.

Muda uliotaja nao ni muhimu sana. Tumia mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni, kwa sababu ndivyo vitabu vyao vilivyo. Ukisema "miaka ya hivi karibuni" watachagua wenyewe mwaka uliokuwa mzuri. Taja kituo kwa jina kamili na sabukaunti yake, manake majina yanafanana mno nchi hii, unaweza kujibiwa kuhusu kituo cha wilaya ingine kabisa.

Usizidishe vipande, vinne au vitano vinatosha, na vyote viwe vya wizara moja. Ukichanganya dawa, barabara ya kwenda kituoni na stima ya kituoni kwa swali moja, kila wizara itasema sehemu kubwa sio yake. Andika maswali matatu tofauti kwa mawaziri watatu.

Kwa wanaofuatilia PDM mfumo ni ule ule. Programu ilizinduliwa Kibuku Februari 2022, na mpango ni shilingi milioni 100 kwa kila parokia kwa mwaka, na kaya inakopa mpaka milioni moja. Kwa hiyo unauliza: parokia yetu ilipokea kiasi gani kila mwaka wa fedha tangu kuanza, kiliingia kwa akaunti ya SACCO tarehe gani, kaya ngapi zimepewa na kati yao ngapi za wanawake, vijana, na watu wenye ulemavu, na kiasi gani bado hakijatolewa. Usiulize kama chifu wa parokia anakula chai ya watu. Hizo namba zikisomwa mbele ya kijiji, kila mtu anayejua hakupewa wakati idadi inasema kila kaya imepewa atasimama mwenyewe.

Lugha: Bunge linafanya kazi kwa Kiingereza mpaka sasa, ingawa Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Kwa hiyo jadilianeni kwa Kiswahili, Kisamia, Kinubi, Luganda, chochote, mkubaliane kila kipande, alafu mtafute mwalimu wa sekondari au kijana aliyemaliza chuo aliandike kwa Kiingereza safi. Mkabidhi mbunge yote mawili. Msomewe tena kile cha Kiingereza kikitafsiriwa papo hapo kabla hakijaondoka, manake tarehe na namba zinapotea hapo katikati na mnakuja kushtuka jibu limekuja la kitu ambacho hamkuuliza.

Kumfikia mheshimiwa

Usimpe kwenye mazishi wala harusi. Nenda ofisini kwake jimboni kama iko, au muone msaidizi wake, na huyo msaidizi umheshimu sana kwa sababu ndo anaamua karatasi gani inapanda mezani. Mwende watu watatu au wanne: mmoja wa kamati ya kituo, mmoja mama anayetumia kituo, mzee mmoja anayejulikana, na yule aliyeandika. Kundi kubwa linageuka mkutano wa hadhara, na mbunge yeyote akiona mkutano ataanza kuhutubia.

Salimianeni vizuri, mwambieni mheshimiwa hamkuja kuomba pesa. Hilo tu linabadilisha hewa ya chumba, kwa sababu karibu kila anayeingia pale ana bili ya hospitali au karo mkononi. Mpeni karatasi mbili: swali lenyewe kwa ukurasa mmoja, na ukurasa wa pili wa maelezo wenye tarehe na ushahidi mlio nao. Mwombeni asaini nakala yenu kwamba amepokea, na mkubaliane siku ya kumpigia simu.

Atataka kulisema kwa mdomo Bungeni. Wabunge wanapenda hivyo na naelewa, kuna kamera, kuna wakati wa kuzungumzia mambo yenye umuhimu wa taifa, na kila Alhamisi kuna kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu. Akitaka aseme, asimame, inasaidia kupiga kelele, ila jibu la papo hapo mara nyingi linakuwa "nitafuatilia nirudi na taarifa" na hiyo taarifa saa ingine hairudi. Mwombeni aweke pia la maandishi. Kwa mambo yenye namba nyingi hakuna waziri anayezikumbuka kichwani, hata yule mwaminifu.

Mkumbusheni pia kwamba Bunge lina idara ya utafiti na ofisi ya bajeti, ile iliyotokana na sheria ya bajeti ya 2001, na kazi yao ni kuwasaidia wabunge wote. Mbunge anaweza kuwaomba watu wa huko waangalie namba kabla ya swali kwenda.

Swali likiingia ndani

Humo ndani njia ni fupi kuisimulia. Mbunge analisaini, analipeleka kwa Karani wa Bunge, anaonyesha kama anataka jibu la mdomo au la maandishi, Spika anaangalia kama linafuata kanuni, linapewa namba, linatumwa wizarani. Wizarani haliandikwi na waziri kwa mkono wake, linashuka kwa katibu mkuu, kwa idara, saa ingine linashuka mpaka wilayani kwenu kuulizwa takwimu, alafu linapanda tena. Kwa hiyo msishangae afisa wa afya wa wilaya akianza kuzunguka kituoni ghafla na kalamu. Hiyo ni dalili nzuri, na wakati mwingine dawa zinafika kabla ya jibu. Ile ziara andikeni tarehe yake.

Namba ya swali mchukue kutoka kwa msaidizi wa mbunge. Ukiwa nayo unafuatilia, usipokuwa nayo unaulizia hewa. Bunge kwa kawaida linakaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi mchana, orodha ya shughuli za siku inatolewa, na Hansard unaipata bure kwenye tovuti ya Bunge. Kijana mmoja wa kijiji mwenye simu na bando kidogo mpeni hiyo kazi rasmi, awe anaangalia kila wiki.

Wakikaa kimya

Kimya kipo, tena kingi, na maspika zaidi ya mmoja wamelalamika hadharani kuhusu mawaziri wasiotokea Bungeni. Mbunge wako anaweza kumkumbusha Karani kwa maandishi, akasimama kumuuliza Spika kuhusu swali lake namba fulani, au akamwandikia Waziri Mkuu, ambaye kwa ibara ya 108A ndo kiongozi wa shughuli za serikali ndani ya Bunge. Nyie kazi yenu ni kumkumbusha yeye, kwa adabu, kwa mesej fupi yenye namba ya swali na tarehe lililopelekwa. Msimtukane kwa redio baada ya wiki mbili.

Wizara ikiendelea kukataa, kuna kamati. Ibara ya 90 inazipa kamati za Bunge nguvu ya kumwita waziri au afisa yeyote na kumtaka alete nyaraka. Ombeni mbunge wenu apeleke jambo kwa kamati ya afya. Nyie wenyewe pia mnaweza kuandika ombi rasmi la wananchi kwa Bunge, lenye saini na alama za vidole, likawasilishwa na mbunge. Mwisho kabisa wa njia kuna kura ya kutokuwa na imani na waziri chini ya ibara ya 118, ambayo iliwahi kuwapata Jim Muhwezi 1998 na Sam Kutesa 1999, lakini hiyo inahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote na haiji kwa ajili ya kituo kimoja, msiipoteze mdomoni.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa makini: mbunge anaposema ndani ya Bunge ana kinga ya ibara ya 97. Wewe kwenye grupu la wotsap huna. Ukiwa unasubiri jibu usimtaje mtu kwa jina kwamba ni mwizi, sambaza swali lenyewe tu, kama lilivyo.

Jibu limekuja, lisome na kalamu

Fotokopi nakala kadhaa, kaeni chini, chukueni kila kipande (a) mpaka (d) muone kama kimejibiwa. Piga mstari chini ya kila namba, kila tarehe, na kila neno la ahadi. Kuna maneno ambayo mtayakuta karibu kila jibu: "serikali iko mbioni", "fedha zikipatikana", "wizara inalifahamu jambo hilo". Hayo sio majibu, lakini pia msiyatupe. "Wizara inalifahamu" maana yake hawawezi tena kusema hawakujua. "Fedha zikipatikana" inazaa swali la pili: je, fedha hizo zimeombwa kwenye bajeti ya mwaka ujao, kiasi gani, na ziko kwenye fungu gani?

Alafu linganisheni na daftari. Kama waziri anasema dawa zilifika mara sita na kamati ya kituo iliona mara nne, mmepata kitu kizito sana, na hapo msikimbilie redioni. Mrudishieni mbunge kwa maandishi, tarehe kando ya tarehe, apeleke kamati na aulize tena. Inawezekana kosa ni la karatasi, inawezekana boksi mbili zilipitia kwingine, vyote viwili vinastahili kujulikana.

Kukiwa na ahadi ya wazi, mfano "wizara itarekebisha kifurushi kabla ya Juni", kuna Kamati ya Ahadi za Serikali ambayo kazi yake ni kufuatilia yale mawaziri waliyoahidi mbele ya Bunge. Mbunge wenu apeleke hiyo ahadi huko, na ukurasa wa Hansard. Watu wachache sana wanaitumia hiyo kamati na mimi naona ni moja ya milango bora tulionayo.

Pangeni na kalenda ya pesa

Jibu zuri likija mwezi mbaya halizai kitu. Mpango wa awali wa bajeti unapelekwa Bunge kabla ya mwisho wa Desemba, mawaziri wanawasilisha taarifa za sera za wizara zao kufikia tarehe 15 Machi, makadirio yanafika kufikia tarehe 1 Aprili, na Bunge linatakiwa kupitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei. Kwa hiyo swali lenu lipelekeni mapema, Agosti au Septemba, ili jibu liwe mkononi kwa mbunge wakati kamati inamkalisha waziri mwezi wa tatu na wa nne. Hapo anaweza kusema, mheshimiwa waziri, uliniandikia kwamba kifurushi ni cha zamani, sasa nionyeshe wapi kwenye makadirio haya umekirekebisha.

Kwa sisi wa mpakani kuna mlango mwingine. Mambo kama ucheleweshaji kwenye kituo cha pamoja cha forodha cha Busia au Malaba, au mama wa samaki anayetozwa ada upande mmoja ambayo upande wa pili haipo, hayo waziri mmoja wa Uganda hawezi kuyamaliza. Bunge la Afrika Mashariki linalokaa Arusha lina wabunge tisa kutoka Uganda, na wao wanauliza maswali kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Ushahidi unakusanywa vile vile, risiti, tarehe, jina la kituo, kiasi kilichotozwa, na swali linaandikwa vile vile.

Karatasi zote, swali, nakala yenye saini ya mbunge, mesej za kukumbusha mlizochapisha, jibu, na daftari la kamati, ziwekwe kwa faili moja kwa mtu ambaye hana cheo cha siasa, mwalimu au katibu wa msikiti au wa kanisa, na nakala ingine ikae kwa mtu wa pili. Uchaguzi unakuja kila miaka mitano, wabunge wanabadilika, inchaji anahamishwa, na waziri anapelekwa wizara ingine. Mbunge mpya akishaapa, wale watu watatu au wanne waende tena na faili hilo, waanzie pale jibu la mwisho liliposimama.